Tuwape Saa, Si Pole Tu

Katika mashirika yetu tuna desturi moja njema, nasi tunajivunia kwa haki. Mtu akiugua, hatulali bila kujua. Kiongozi wa shirika hupitisha habari nyumba kwa nyumba, mama mmoja huleta sabuni, mwingine sukari, vijana huimba nyimbo mbili tatu mlangoni, kisha tunasali pamoja na kumwombea mgonjwa nafuu. Juma la pili tunarudi. Juma la tatu wanarudi wachache. Kwa malaria, kwa mguu uliovunjika, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, desturi hii inatosha, kwa maana magonjwa hayo yana mwisho unaoonekana: mtu hupona, au tunamzika.

Lakini yako magonjwa ambayo desturi hii haikutengenezewa. Hayaishi katika juma la tatu, wala pengine katika mwaka wa tatu, na kila mwezi unaopita humwacha mgonjwa na uwezo mdogo kuliko mwezi uliotangulia. Familia inayomtunza mtoto mwenye ugonjwa wa namna hiyo hupokea pole zetu zote mwanzoni, wakati ingali na nguvu, halafu hubaki peke yake wakati nguvu zimekwisha. Ni juu ya familia hiyo tunataka kuzungumza nanyi, vijana wapendwa, na tunasema tangu sasa tunachokitaka kwenu. Hatuombi mchango wa fedha. Tunaomba saa zenu.

Tuchukue ugonjwa mmoja, ili tusizungumze hewani. Huo hutokana na surua. Surua mnaijua: homa, macho mekundu, kikohozi, vipele vinavyoanzia usoni na kushuka mwilini. Watoto wengi hupona baada ya majuma mawili, na mama humshukuru Mungu. Kwa wachache, virusi vya surua haviondoki. Hujificha katika ubongo, hubadilika kidogo, hunyamaza. Mtoto anakua, anaingia shule, anacheza mpira, anajifunza kusali. Miaka 7, 8 au 10 baadaye ndipo vinaanza kuharibu. Madaktari wetu, ambao wamesomea kwa Kifaransa, huuandika ugonjwa huo kwa herufi nne, PESS. Wenzao wa Kiingereza huandika SSPE. Maana yake kwa lugha nyepesi ni uvimbe wa ubongo wote, unaokwenda polepole na kuukakamaza. Daktari Dawson aliueleza huko Marekani mwaka 1933, na mwaka 1945 Ludo van Bogaert wa Antwerpen, Ubelgiji, akaueleza kwa namna yake. Ilipita miaka mingine kama 20 kabla ya kujulikana kwa hakika kwamba chanzo chake ni surua ambayo familia ilikwisha kuisahau.

Sisi tuliosomea ualimu tuseme jambo linalotuhusu hasa: dalili za kwanza za ugonjwa huu hazionekani hospitalini, huonekana darasani. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu au wa nne anashuka ghafla hadi mwisho. Mwandiko wake uliokuwa mzuri unatawanyika. Anasahau somo la jana, anakasirika pasipo sababu, anacheka mahali pasipochekesha. Mwalimu husema ni uvivu, baba husema ni ukaidi, na fimbo huanza kazi isiyo yake. Baada ya majuma au miezi unakuja mshtuko: kichwa kinainama ghafla, mkono unaruka, kijiko kinatupwa, kisha mtoto anaendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea, baada ya kitambo kifupi, tena. Anaanguka akienda kuchota maji. Halafu maneno yanapungua. Halafu miguu. Mwishoni mtoto yuko kitandani, viungo vimekakamaa, hawezi kugeuka wala kumeza vizuri, na hatujui kwa hakika ni kiasi gani cha sauti zetu kinamfikia. Wengi hufariki ndani ya mwaka 1 hadi miaka 3 tangu dalili za kwanza. Wapo ambao ugonjwa husimama kwa miezi, hata wakapata nafuu kidogo, na familia ikadhani umekwisha. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ziko dawa za kutuliza mishtuko, nazo zina faida kubwa, ila haziurudishi ubongo.

Mtatuambia kwamba tunazungumza juu ya ugonjwa wa nadra. Ni kweli, ni wa nadra. Lakini hebu tuhesabu. Katika jimbo la California, watafiti walikuta kwamba kati ya watoto waliougua surua kabla ya kutimiza miaka 5, mmoja katika 1,367 alipatwa baadaye na ugonjwa huu. Kwa waliougua kabla ya kutimiza mwaka 1, mmoja katika 609. Katika nchi yetu, tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao 310,000 walioshukiwa kuwa na surua, na waliokufa walizidi 6,000, walio wengi wakiwa watoto wadogo. Hesabu ya California haihamishiki kwetu kama ilivyo, lakini yeyote ajuaye kugawanya anaweza kuona kwamba jibu si sifuri. Na mtoto aliyeugua surua mwaka 2019 akiwa na mwaka mmoja hayuko tena mgongoni mwa mama yake. Yuko shuleni. Yumo katika mafundisho yetu ya komunyo ya kwanza. Muda ule wa virusi kunyamaza ndio huu tunaoishi sasa.

Pengine wazazi wake hawatalisikia kamwe jina la ugonjwa. Kuuthibitisha kunahitaji mashine ya kuandika umeme wa ubongo na uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo, mambo ambayo kituo cha afya cha mtaani hakina. Na yapo magonjwa mengine, ya kurithi au ya asili nyingine, yanayokula ubongo wa mtoto kwa mwendo unaofanana na huu. Kwa mama anayemgeuza mtoto usiku, jina halipunguzi uzito wake.

Tuingie basi katika nyumba moja. Hatutaji jina wala mtaa. Mtoto ana miaka 11 na tangu mwaka jana hatembei. Mama huamka saa kumi za usiku, si kwa sala, bali kwa sababu mtoto amelala upande mmoja tangu saa nane, na asipogeuzwa ngozi ya nyonga itaanza kuwa nyekundu, kisha itafunguka, na kidonda cha namna hiyo hakifungi kirahisi. Humgeuza, humwekea kikwembe kilichokunjwa kati ya magoti, humpangusa. Alfajiri huchemsha maji ya kumwosha. Kisha uji wa soya na mtama, uliopikwa mzito kwa makusudi, kwa kuwa maji matupu humpitia vibaya yakaingia mapafuni. Mtoto huketishwa wima, mgongo ukiegemea kifua cha mama, kidevu kimeshushwa kidogo. Kijiko kidogo, kungoja, kutazama koo kama limemeza, kijiko kingine. Bakuli moja huchukua saa nzima. Mchana ni bugali laini lenye unga wa sambaza, saa nzima tena. Jioni vivyo hivyo. Kati ya hizo kuna nguo za kufua, kwa kuwa mtoto hajui tena haja yake, na kila anayefua mjini mwetu anajua maji huchotwa mbali kiasi gani siku bomba likikauka. Kuna kunyoosha mikono na miguu, taratibu, ili viungo visifunge. Kuna kusafisha kinywa. Kuna dawa ya saa ile ile kila siku. Na jiko la makala haliwezi kuwekwa mahali pa zamani, maana wakati mtoto alipokuwa angali akitembea, mshtuko mmoja ulimwangusha hatua moja tu kutoka motoni.

Hayo ni mama. Baba huondoka saa kumi na moja asubuhi kutafuta cha kula, na mwaka huo wa kwanza aliuza mbuzi, kisha mashine ya kushona, kisha nusu ya kiwanja. Dada wa mtoto, mwenye miaka 14, aliacha shule mwezi wa pili wa mwaka. Hakuna aliyemwamuru aache. Siku moja mama alikuwa na homa, dada akabaki nyumbani, siku iliyofuata pia, juma likapita, karo ya mwezi ikawa imekwisha kuliwa na dawa, basi. Jirani humsifu kwamba ni msichana mwema. Sisi tunamwona kama mgonjwa wa pili katika nyumba hiyo, naye hakuna anayemletea sukari.

Watu waliopitia huko wamesema nini? Wa kwanza alisema ni karuho: mtu fulani mwenye wivu alimpa mtoto sumu katika chakula. Familia ikapoteza miezi minne na fedha nyingi kwa watu wanaotapisha na kuchanja, na ikapoteza pia urafiki na nyumba ya jirani. Wa pili alisema ni uchawi, tena si wa kurogwa, bali mtoto mwenyewe ndiye mchawi, ndiyo sababu anachekacheka na kurusha mikono. Mama akampeleka katika chumba cha maombi, ambako walimfungisha siku tatu mtoto ambaye tayari alikuwa akikonda, na wakaamuru dawa za mishtuko zitupwe kama ishara ya imani. Tuliseme jambo hili pasipo kuzungukazunguka: dawa hizo zikikatwa ghafla, mishtuko huweza kurudi mfululizo na kumwua mtoto. Anayeamuru hivyo hafanyi kazi ya Mungu. Na anayemwita mtoto mchawi anavunja sheria ya nchi yetu, ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, ambayo imeweka adhabu kwa kosa hilo.

Wa tatu hakutaja mchawi wala sumu. Alikuwa mkristo wetu wa kila Dominika, na alisema kwa sauti ya chini kwamba labda wazazi wana jambo la kuungama. Swali hili ni la zamani. Mitume nao walimwuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, na mnajua kwamba Yesu alilikataa swali lenyewe. Ajabu ni kwamba tumefundisha Injili hiyo miaka yote, na bado swali linarudi likiwa limevaa nguo za ibada. Ikiwa mnasikia neno hilo katika kikundi chenu, lizimeni hapo hapo, hata kama aliyelisema ni mkubwa kuliko ninyi. Kuna njia za adabu za kufanya hivyo.

Kuna la nne, ambalo huenda likatoka kwa mtu mwenye elimu: kwa nini hamkumchanja? Anayeuliza hivyo anadhani anasaidia. Chanjo ya surua hapa kwetu hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, na watoto wengi hushikwa na surua kabla ya umri huo, yaani kabla mama hajapata nafasi ya kukosea. Wengine walikuwa njiani, kikwembe mgongoni na godoro kichwani, wakikimbia vita. Wengine walifika kituoni wakaambiwa chanjo imekwisha, warudi juma lijalo. Mama huyo amekwisha kujiuliza swali hilo usiku mara nyingi kuliko mtakavyoweza kumwuliza. Suala la chanjo ni kubwa, tutalirudia, lakini mahali pake si kando ya kitanda hicho.

Sasa tuje kwenye saa.

Kikundi cha vijana 12, kikigawanyika wawili wawili, kina timu sita. Kila timu ikitoa alasiri moja katika majuma matatu, familia hiyo inapata alasiri mbili kila juma, mwaka mzima, na hakuna kijana aliyepoteza masomo wala mpira. Saa mbili zinatosha. Wakati wa saa hizo mbili vijana wako na mtoto, na mama yuko huru. Afanye nini na uhuru wake? Hilo halituhusu. Tunajua mama mmoja ambaye alasiri nne za kwanza alilala tu, usingizi mzito, mlango umefungwa, na baadhi ya vijana wakanung'unika kwamba wanafanya kazi ili mtu alale. Tunaona kwamba hizo zilikuwa alasiri nne bora kabisa za kikundi kile, kuliko hata tamasha la Pasaka.

Mtasema: sisi si wauguzi. Ni kweli, wala mama huyo hakuwa muuguzi. Alijifunza, nanyi mtajifunza kwake. Mara za kwanza mbili mtakaa pembeni mkitazama tu anavyomketisha, anavyomgeuza, anavyoshika kijiko. Mwalikeni pia muuguzi wa kituo cha afya aje kuwaonyesha mara moja. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima. Kulisha ndiyo kazi ya kujifunza mwisho, na asiyekuwa na uvumilivu asiifanye kamwe, kwa maana haraka ndiyo inayopeleka uji mapafuni. Mtoto asilishwe akiwa amelala, hata siku moja. Akipatwa na mshtuko mkubwa, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni kwa upande, msimtie kitu chochote mdomoni, wala msimshike kwa nguvu kana kwamba mnapigana na pepo. Na asiogopwe: surua ile iliyomwingia zamani haitoki tena kwake kwenda kwa mtu. Mate yake hayaambukizi ugonjwa huo, wala kijiko chake, wala kumbusu.

Yako mambo mawili tunayoyashikilia kwa ukali. Kijana asiende peke yake, daima wawe wawili, na mtu mzima wa familia awe nyumbani, hata akiwa amelala. Kumwosha mtoto ni kazi ya familia. Ikiwa mama ataomba msaada katika hilo, basi wasichana kwa msichana, wavulana kwa mvulana, na mama awepo. Mtoto asiyeweza kusema anastahili stara maradufu. La pili ni simu. Tumeona desturi imeingia, kikundi hakiendi kwa mgonjwa pasipo picha: mfuko wa mchele mbele, mgonjwa nyuma, vijana wakitabasamu pande zote, na jioni picha imesambaa katika simu za parokia nzima. Simu zibaki mfukoni. Mtoto huyo alikuwa na aibu zake kama ninyi, wakati angali akiweza kuzionyesha.

Na wavulana tunawaambia kwa jina lao. Kila tulipozungumza juu ya jambo hili, mikono iliyoinuliwa ilikuwa ya wasichana, na wavulana wakajitolea kubeba magunia na kutengeneza paa. Paa ni jambo zuri. Lakini mtoto wa miaka 11 asiyejiweza ni mzito, mgongo wa mama unauma, na kumgeuza kunahitaji mikono yenye nguvu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mikono hiyo ni ya kike.

Zaidi ya mama, yupo dada yule wa miaka 14. Hapa mnaweza kufanya jambo ambalo sisi wazee hatuwezi kwa urahisi, maana ninyi ndio mlioketi naye dawati moja. Mpelekeeni daftari. Mmoja wenu anakili masomo ya juma, mwingine anakaa naye kwenye hesabu wakati wenzenu wako na mtoto. Kisha mtu mzima wa shirika azungumze na mkuu wa shule juu ya karo na juu ya nafasi yake mwaka ujao. Tumeona wakuu wa shule wakilegea wanapoona kwamba shirika zima liko nyuma ya mtoto mmoja. Asiporudi mwaka huu, mwaka ujao itakuwa vigumu zaidi, na mwaka wa tatu ataolewa.

Kuhusu mafundisho, makatekista wenzetu wamekuwa wakituuliza. Mtoto alikuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza, alijua sala zote, sasa amezisahau, je, asubiri? Asubiri nini? Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 913, haidai kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa atoe majibu ya katekismu. Inataka aweze kuutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida na kuupokea kwa heshima. Kwa hiyo zungumzeni na padri mapema, katika miezi ile ambayo mtoto bado anatambua, bado anameza, bado anaweza kuinamisha kichwa kwa sababu ametaka. Ugonjwa huu haungoji sherehe ya mwezi wa sita. Ikiwa nguo nyeupe haijashonwa, hakuna neno. Na sakramenti ya mpako wa wagonjwa isisubiri pumzi ya mwisho, kama tunavyozoea kwa hofu, tukamfanya padri awe tarishi wa mauti.

Tulisema tutarudia chanjo. Katika nyumba ile ile, au nyumba ya tatu kutoka hapo, kuna mtoto mchanga. Mwulizeni mama yake, pasipo kumhukumu, kadi ya kilo iko wapi na ina alama ngapi. Chanjo ya surua hailipiwi. Ili surua isienee, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa, na katika mitaa yetu mingi hatujafika huko. Zaidi ya hayo, huzunguka maneno kwamba chanjo huondoa uzazi au kwamba inaleta yenyewe ugonjwa wa ubongo. Juu ya hili la mwisho jibu ni wazi: ugonjwa tulioueleza hutoka kwa surua yenyewe, si kwa chanjo, na mahali ambapo watoto karibu wote wamechanjwa umetoweka karibu kabisa. Kijana anayejua kusoma kadi na kumsindikiza mama hadi kituoni siku ya kupima kilo, akambebea mtoto wa pili wakati wa foleni, amefanya kazi ambayo hotuba kumi haziifanyi. Alasiri mliyoitoa kwa mtoto mgonjwa itawapa haki ya kusikilizwa juu ya chanjo, kwa kuwa watu watakuwa wamewaona mnaingia na kutoka katika nyumba ile ambayo wengine huipita kwa kuvuka barabara.

Tusiwafiche pia kwamba kazi hii ina huzuni yake. Mtaanza na mtoto anayewafuata kwa macho, na baada ya miezi macho hayo hayatafuata. Mtadhani mmeshindwa. Wengine wenu watakosa usingizi, na wengine wataacha, tena wasicheshwe wala kusemwa. Nafasi zao zichukuliwe na wengine. Zungumzeni baada ya kila zamu, hata dakika kumi njiani. Ikiwa mna swali juu ya mishtuko na dawa zake, mjini Bukavu kuna kituo cha Sosame cha Mabruda wa Charité, ambako wagonjwa wa akili na wa kifafa hupokelewa kila siku, na swali la adabu halikataliwi.

Na kuhusu mwisho wa zamu hizo: orodha isichanwe siku ya mazishi. Katika nyumba yenye mtoto wa namna hii, kila saa ya miaka miwili ilikuwa na kazi yake, na ghafla hakuna uji wa kupika mzito, hakuna wa kugeuzwa saa kumi za usiku, mama anaamka hata hivyo na kukaa gizani. Matanga yakiisha, wageni huondoka na viti vilivyoazimwa hurudishwa. Alasiri inayofuata, wale wawili ambao majina yao yaliandikwa waende kwa saa yao, wagonge mlango, waketi.